Siku moja ya kufuata mvuke: kutoka Nairobi mpaka Olkaria, mwongozo kamili

Hii safari nimeifanya mara nne sasa, mara mbili na gari, mara moja na matatu, na mara moja tukiwa watu kumi na wanne kwa van ya kukodi. Kila mara nimebadilisha mpangilio kidogo, na saa hii naamini nimepata ule unaofaa: korongo la Hell's Gate, mbuga iliyo kando ya Ziwa Naivasha, asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika, mitambo ya stima ya Olkaria mchana, maji ya moto mwisho kabisa miguu ikiwa imechoka. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaenda kuogelea kwanza kisha wanajikokota kwa korongo saa tisa jioni wakiwa wamelegea, na hiyo saa ndiyo mbaya kabisa ya kuwa huko chini. Nitaeleza kwa nini.

Kabla ya siku yenyewe

Chagua siku kwa kuangalia mvua, hii usiipuuze. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na hata miezi mingine mvua ya Naivasha hupenda kuja alasiri. Januari, Februari, na kuanzia Juni mpaka Septemba ndio wakati mzuri. Na usiangalie hali ya hewa ya Naivasha peke yake, angalia pia sehemu za juu zinazozunguka, kwa sababu maji yanayoua kwa korongo hayanyeshi pale uliposimama, yananyesha kule juu alafu yanakufuata.

Kiingilio cha Hell's Gate kinalipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa KWS (shirika la wanyamapori), si cash getini. Fungua akaunti ukiwa nyumbani na ulipe ukiwa na intaneti nzuri, sio kusimama kwa geti na foleni nyuma yako ukingoja meseji ya M-Pesa. Beba kitambulisho, maana bei ya mwananchi na ya mgeni hazikaribiani hata kidogo. Bei hubadilika kwa hivyo angalia siku hiyo hiyo, usitegemee ile uliyoambiwa na rafiki mwaka juzi. Kwa spa, yale mabwawa ya maji ya moto ya Olkaria, kuna kiingilio kingine tofauti, na kwa vile spa iko ndani ya mbuga, utalipa zote mbili. Watu wengi hugombana hapo wakidhani wanaibiwa, hapana, ndivyo ilivyo.

Vitu vya kubeba: maji lita mbili kila mtu (ndani ya mbuga maduka ni ya kuhesabu), viatu vya raba vyenye meno chini, jaketi maana asubuhi ni baridi kweli, Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kofia, losheni ya jua, nguo za kuogelea, taulo, ndara, nguo kavu za kubadilisha na mfuko wa plastiki mgumu wa kuweka zile zilizolowa. Chakula kikae kwenye mkoba wenye zipu kwa sababu ya nyani. Cheni na pete za fedha acha nyumbani kabisa, gesi ya salfa ya Olkaria inafanya fedha kuwa nyeusi.

Gari dogo linatosha kiangazi. Angalia breki, narudia, breki, kwa sababu utashuka ukuta wa Bonde la Ufa asubuhi na kuupanda jioni. Tairi la spea liwe na upepo.

Saa kumi na moja alfajiri, toka

Ukitoka Nairobi kupitia Waiyaki Way utafika Rironi, hapo barabara zinagawanyika. Ya kulia inapita juu, Kimende na Kinungi. Ya kushoto inashuka Mai Mahiu. Asubuhi shika ya kushoto. Ndio, malori ni mengi, lakini saa hiyo bado si mabaya, na hii barabara ndiyo inakupa somo la kwanza la siku. Ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na pale chini ya mteremko waliacha kanisa dogo sana la mwaka 1942, liko kando ya lami kabisa, ukipita kasi hulioni. Kama kuna ujenzi wa barabara unaendelea, ongeza saa nzima kwa hesabu yako.

Simama kwa moja ya zile sehemu za kuangalia bonde, zile zenye vibanda vya ngozi za kondoo na vinyago. Kunywa chai, na usipige picha tu ukaondoka, kaa dakika ishirini uangalie, maana hapa ndipo unaona kwa jicho moja kile kitu utakachotembea ndani yake siku nzima. Ukuta uliosimama juu yake ni ukingo wa mpasuko. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa pande mbili, polepole sana, na pale katikati imekonda na kuzama. Ikikonda, yale mawe yaliyoyeyuka huko chini yanakuwa karibu zaidi na juu, na maji ya mvua na ya ziwa yanapopenya kwenye nyufa yanakutana na huo moto na kurudi juu yakiwa mvuke. Siri ya safari yote ni hiyo tu.

Sasa tafuta milima. Ule wenye kichwa kilichokatwa upande wa kulia ni Longonot, mita 2,776, na ndani ya kreta yake kuna sehemu zinazotoa mvuke hadi leo. Kushoto, mpana na wa chini chini, ni Suswa. Kule Suswa maji ya mito hakuna, kwa hivyo Wamaasai wanaoishi mlimani wanaweka mabomba juu ya matundu ya mvuke, mvuke unapoa, unakuwa maji, yanadondoka kwenye pipa, na hayo ndiyo ya kunywa watu na mifugo. Siku ya kwanza nilipoelezwa hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Mtu anateka maji kutoka kwa pumzi ya mlima.

Alafu ukishuka unafika mji unaitwa Mai Mahiu. Kwa Kikuyu hayo ni maji moto. Wazee walishajua hii ardhi ni ya namna gani na wakaiandika kwa jina, sisi tunapita hapo kila wiki tukinunua mahindi choma bila kulisikia. Mji huu pia umeumia, Aprili 2024 maji yalishuka usiku kutoka juu na kuua makumi ya watu. Ukipita pale heshimu mvua.

Kutoka Mai Mahiu ni tambarare, Longonot iko kushoto, pundamilia wakati mwingine wako kando ya barabara kama mbuzi. Kabla ya kuingia Naivasha mjini kata kushoto kwa Moi South Lake Road. Karagita, mahoteli, mashamba ya maua, alafu kibao cha Hell's Gate kushoto. Ukiwa hapo saa mbili asubuhi umefanya vizuri.

Kama huna gari

Panda matatu za Naivasha katikati ya mji wa Nairobi, shuka steji ya Naivasha, panda nyingine za South Lake, mwambie kondakta akushushe jankisheni ya Hell's Gate. Kutoka pale mpaka Elsa Gate, geti kuu la mbuga, ni kama kilomita mbili, nduthi wapo, na baiskeli za kukodi ziko hapo hapo jankisheni na zingine getini. Ukweli ni kwamba kwa baiskeli utaiona mbuga vizuri kuliko mwenye gari, kwa hivyo usijihisi umekosa kitu.

Elsa Gate na baiskeli

Hell's Gate ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, ilitangazwa mwaka 1984, na ni kati ya zile chache Kenya ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Hata kama una gari nakushauri uliache getini na ukodi baiskeli mpaka korongoni, ni kama kilomita saba au nane na sehemu kubwa ni tambarare. (Kama una watoto wadogo au wazee, ingia na gari, hakuna shida.) Jaribu baiskeli kabla ya kulipa: finya breki zote mbili, badilisha gia ukiwa unaendesha, tikisa tandiko, angalia mnyororo. Mara ya pili kwenda tulipewa moja yenye breki ya nyuma pekee na hatukugundua mpaka tukafika mteremko, dada yangu akaingia kichakani. Hakuumia vibaya lakini siku yake iliharibika, na dakika tano za kukagua zingeizuia.

Karibu na geti utaona Fischer's Tower, nguzo ya jiwe ya mita 25 hivi imesimama peke yake. Imepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Kimsingi ni koo la volkano: lava iliganda ndani ya bomba lake, mlima laini uliokuwa umeizunguka ukamomonyoka, ikabaki koo peke yake. Wamaasai wana maelezo yao, kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akaambiwa asiangalie nyuma, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Angalia chini ya nguzo, wale pimbi wanaoota jua.

Ukiendelea, kuta nyekundu zinakusindikiza pande zote mbili, na unapita kwenye bonde ambalo kwa kweli ni mtaro wa kale. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi na likafurika kusini kupitia hapa, na hayo maji ndiyo yaliyochonga njia unayoendesha. Kile kichaka cha majani ya kijivu kijivu chenye harufu nzuri ni leleshwa, vunja tawi moja unuse, Wamaasai huweka kwapani kama manukato. Mawe meusi yanayong'aa kama chupa ni kioo cha volkano, watu wa kale walichonga visu na vichwa vya mishale kutoka kwa mawe ya sehemu hizi za Naivasha. Yaangalie, yarudishe chini, kubeba kitu kutoka mbugani hairuhusiwi.

Pundamilia, kongoni, swala, ngiri, twiga, hao hawana neno, punguza mwendo tu wapite. Nyati ndio wa kuogopa. Ukiona nyati karibu na njia simama mbali, shuka kwa baiskeli, ngoja waondoke au ngoja gari likupitishe. Usijaribu kupita kwa kasi.

Korongo la Ol Njorowa

Hapa naomba usome polepole.

Mwisho wa njia ya baiskeli kuna kituo cha askari wa mbuga na mahali pa kukaa. Nyani wa hapo wanajua kufungua mkoba, usiweke chakula mezani. Chukua mwongozaji, hata kama umeshawahi kuingia. Wengi wao ni vijana wa Kimaasai wa maeneo hayo hayo, wanajua kila njia ya kutokea, na hiyo ndiyo huduma unayolipia, hadithi ni nyongeza. Patana bei na muda kabla ya kuanza kushuka. Kisha muulize maswali matatu: jana na usiku imenyesha wapi, sehemu gani zimefungwa leo, na tukisikia maji tunatokea wapi. Akisita kwa hilo la tatu tafuta mwingine.

Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa ndani ya hili korongo, maji yaliwakuta chini. Septemba 2019 ikatokea tena kwa watalii, na korongo likafungwa kwa muda. Kuta ni nyembamba, kuna mahali unapita ukigusa huku na huku, kwa hivyo maji yakija hakuna pembeni pa kusimama. Sheria yangu ni hii na sijawahi kuivunja: wingu jeusi upande wowote, sishuki, hata kama tumetoka mbali na watu wananuna. Na saa sita mchana nataka tuwe tumeshatoka.

Sasa uzuri wake. Unashuka kwa mawe, kuna sehemu za kushikilia kamba na vidato vilivyochongwa, mikono iwe huru kwa hivyo simu iingie mfukoni. Kuta zimekatwa kama tabaka za keki, nyeupe, njano, kijivu, kila tabaka ni majivu ya mlipuko mmoja. Alafu unaanza kuona maji yakichuruzika ukutani na mwongozaji anakuambia gusa, unagusa kwa ncha ya kidole, unaruka. Maji moto, yanatoka kwa jiwe tu. Pale yanapopita kuna utelezi wa kijani na rangi ya kutu, ni viumbe vidogo na madini. Gusa pale tu utakapoonyeshwa, kwa sababu matundu hayafanani joto, moja ni la kunawia mikono na lile la pembeni linaunguza. Watoto washikwe mkono muda wote. Na usikanyage matope meupe yanayotoa mvuke, juu yanaonekana magumu na chini ni uji wa moto.

Saa moja na nusu inatosha. Panda juu, kula, pumzika.

Olkaria

Kutoka korongoni mpaka upande wa Olkaria ni kupanda, kilomita chache lakini ni mlima kweli. Kwa baiskeli ni jasho tupu, watu wengi wanarudisha baiskeli Elsa Gate wanachukua gari, na mimi hufanya hivyo pia. Ukiwa njiani funga kioo ukitaka lakini harufu utaisikia tu, kama yai lililooza. Ni gesi ya salfa. Kwa kupita hapo nje haina shida kwa mtu mzima mwenye afya, ila mwenye pumu abebe dawa yake, na mtu yeyote asiinamie tundu la mvuke kuvuta hewa.

Jina Olkaria ni la Kimaasai, ni ile ngeu nyekundu ya kujipaka. Na ukiangalia miteremko utaiona, mvuke ukipita kwa jiwe miaka na miaka unalioza likawa udongo mwekundu na mweupe. Pale usipoona nyasi hata moja, ardhi ya chini ni moto.

Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka 1956 na havikuleta kitu cha maana, kazi ikalala mpaka miaka ya 1970. Mtambo wa kwanza, megawati 15, ukaanza mwaka 1981, ukawa watatu kufikia 1985. Baadaye ikaja Olkaria ya pili, ya tatu, ya nne mwaka 2014, ya tano mwaka 2019. Leo karibu asilimia 40 ya stima ya Kenya inatoka kwa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, na karibu yote ni kutoka vilima hivi. Kuna visima vinavyofika kilomita tatu chini, na huko joto linapita nyuzi 300.

Simama mahali salama kando ya barabara uangalie mabomba. Utaona kila baada ya umbali bomba linapinda kama mlango, linapanda, linavuka, linashuka. Chuma kikipata moto kinarefuka, sasa bila hizo kona kingepasuka, na zingine zimeinuliwa juu ili twiga apite chini. Nimemuona twiga akipita chini ya bomba la mvuke, hakuangalia hata juu. Kile kinachotoka kisimani ni mchanganyiko wa mvuke na maji, vinatenganishwa, mvuke unaenda kuzungusha tabo, yale mapanga yanayozalisha stima, maji ya chumvi yanarudishwa ardhini. Joto halifanyi stima pekee pia, shamba la maua la Oserian pale chini lilianza kupashia nyumba za maua joto la visima mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Usiingie njia yenye geti la mitambo bila ruhusa, na usipande juu ya bomba kwa ajili ya picha, linaunguza. Kikundi cha shule au chuo kinachotaka kuona ndani kiandikie KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, mapema, sio siku hiyo.

Maji ya moto, saa nane mpaka saa kumi

Spa ya Olkaria ilifunguliwa mwaka 2013 na maji yake ni yale yale ya visimani baada ya mvuke kutolewa, yamepozwa mpaka mwili unayaweza. Ile rangi ya bluu ya maziwa ni madini ya silika. Oga kwanza kwa bafu, paka nywele mafuta au kondishona vizuri, dada zangu wenye nywele asili hili ni muhimu maana silika inakausha nywele zikawa kama katani. Ingia polepole, anza na upande wa baridi. Dakika kumi na tano, toka, kunywa maji, pumzika, rudi. Usizame kichwa, usiyanywe. Mwenye presha, mwenye moyo na mama mjamzito waulize daktari kabla ya safari. Pombe kabla ya kuingia hapana kabisa. Jumapili na sikukuu panajaa sana, katikati ya wiki utalisikia bwawa lenyewe likitoa sauti.

Saa kumi toka majini, jioga maji baridi, vaa nguo kavu, na mbuga inafungwa saa kumi na mbili. Ukitokea Olkaria Gate unarudi South Lake Road bila kurudi nyuma mpaka Elsa.

Samaki, alafu nyumbani

Shuka Kamere, pale ufukweni mwa ziwa, samaki wa kukaanga na ugali na kachumbari. Chagua samaki mwenyewe, uliza bei kabla hajaingia kwa mafuta. Kaa mbali na maji giza likiingia, viboko hutoka kulisha.

Kurudi shika barabara ya juu ya Kinungi, usipande Mai Mahiu usiku nyuma ya trela zinazotambaa bila taa. Juu kuna ukungu mzito, weka taa za chini, acha nafasi kubwa mbele yako, na dereva akisinzia mbadilishane, yale maji moto yanaleta usingizi kuliko unavyodhani, kwa hivyo dereva asikae majini zaidi ya nusu saa. Soko Mjinga, lile soko la kando ya barabara hiyo ya juu, kama bado wako wazi nunua viazi na karoti. Ukifika nyumbani usilaze zile nguo za kuogelea kwa mfuko, zisuuze usiku huo huo mara mbili kwa maji safi, la sivyo harufu ya salfa itakaa kabatini wiki nzima.